Siku moja na kipande kimoja cha ubongo

Saa moja na nusu asubuhi nafika maabara, magharibi mwa Ujerumani, na kwanza nasoma namba ya ubongo tunaoukata ili kuona nyuzi zake za neva zinapita wapi. Mwenyewe aliridhia akiwa hai kwamba mwili wake utumike katika sayansi. Jina lake silijui, hivyo namba hiyo naisoma kwa utulivu.

Saa mbili naanza kukata. Ubongo ulipigwa picha ya MRI, yaani picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku, ukiwa mzima, kisha ukagandishwa, na sasa kisu kinatoa vipande vya mikromita 60, karibu unene wa unywele. Kabla ya kila mkato, kamera iliyo juu ya kisu hupiga picha uso wa ubongo ungali haujaguswa.

Saa nne kipande kiko chini ya hadubini inayotumia mwanga uliochujwa utikisike upande mmoja tu. Hatukipaki rangi, kwa sababu mayelini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva, hubadilisha mwanga huo yenyewe. Tunazungusha kichujio digrii 10 kwa kila picha hadi zitimie 18, na kutokana nazo kila pikseli ya mikromita 1.3 hutuonyesha uzi umeelekea wapi. Lakini pale mafungu mawili ya nyuzi yanapopishana, hadubini hutoa mwelekeo mmoja ambao pengine si wa fungu lolote, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi.

Baada ya chakula cha mchana, saa nane, napeleka eneo hilo dogo kwenye hadubini ya fotoni mbili, inayotumia leza, ambako uzi mmojammoja huonekana. Kupiga picha kipande kizima kwa namna hiyo kungechukua muda mrefu mno.

Saa tisa naanza kuoanisha picha zote, kazi ninayoiona kuwa ngumu na muhimu kuliko zote. Waliotoa BigBrain, ramani ya pande tatu ya ubongo wa binadamu, mwaka 2013, kwa vipande 7,404 vya mikromita 20, nao walilazimika kurekebisha mipasuko na mikunjo. Leo MRI inaonyesha fungu limenyooka, hadubini inalionyesha limepinda. Nilikaribia kuandika kwamba MRI imekosea, hadi nilipofungua picha ya asubuhi ya kamera ya kisu na kukuta fungu limenyooka kweli: kipande kilijikunja nilipokitandaza juu ya kioo.

Saa kumi na mbili kasoro robo mkunjo umenyooshwa kwenye kompyuta, na mafungu yote mawili yanayopishana yamekaa mahali pake ndani ya picha ya ubongo mzima. Nairudisha sampuli kwenye baridi.