641, na swali la Akinyi

"Mjomba, umeijaribu ama unaona tu?"

Tangu Jumapili, sahani ya omena ikiwa katikati yetu, sauti hiyo haijanitoka. Akinyi alikuwa ameandika 4,294,967,297 nyuma ya risiti. Nikamwambia ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, haina haja ya kujaribiwa. Wiki hii tumehama Kondele na dada ameripoti kazini Nakuru, lakini kichwani mwangu ni ile risiti tu.

Kosa ni la kizembe. 3, 5, 17, 257, 65,537: zote tasa, zote ni 2 kwa kipeo fulani, ongeza 1, na vipeo ni 1, 2, 4, 8, 16. Mwanahisabati Fermat aliamini mtindo unaendelea. Hauendelei. Kipeo cha 32 ndicho kinachouvunja: 2³² + 1 ndiyo ile 4,294,967,297 ya Akinyi, na mimi ninayelijua hilo nilirukia hatua moja mbele kwa mdomo. Umeijaribu ama unaona tu? Sikuijaribu, Akinyi.

Jana usiku nikaijaribu. Kikokotoo cha dukani kina nafasi nane, namba ina tarakimu kumi, kwa hiyo ni kalamu. Huhitaji kupitia kila namba tasa: kigawo tasa chochote cha hii lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 64. Basi 193 (baki 109), 257 (baki 2), 449 (baki 325), 577 (baki 288). Inayofuata ni 641, ile aliyoipata mwanahisabati Euler mwaka 1732.

Hapo kwenye kugawa ndipo watu huanguka. 4294 kwa 641 ni 6, baki 448. Shusha 9: 4489, ni 7, baki 2. Shusha 6: 26, haitoshi, andika 0. Shusha 7: 267, bado haitoshi, andika 0 nyingine. Ukizisahau hizo sufuri mbili utatoka na 67,417 na kuapa kitabu kimekosea. Endelea: 4, 1, 7, baki hakuna. Jibu ni 6,700,417, nayo ni tasa.

Kisha nikaona kitu kilichonifanya nicheke peke yangu gizani, stima ikiwa imepotea. 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Kwa hiyo ukigawa kwa 641, 5 × 2⁷, yaani 640, ni sawa na −1, kwa kuwa imepungukiwa 1 tu kufika 641. Ipandishe kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inabaki 1. Lakini 5⁴, yaani 625, ni sawa na −16, yaani −2⁴. Ibadilishe: −2³² inabaki 1. Basi 2³² + 1 haibakizi kitu. Hakuna kugawa hata kidogo! Mistari minne, inaenea kwenye risiti.

Nimempigia picha, nimemtumia. Amejibu "Sawa mjomba" tu.

Mama amepiga mara mbili leo kutoka Yala, na mara zote simu imekatika kabla hajasema neno.