Nilivyoizoea "have" ya Kiingereza nikitembeza wageni Lamu

Kazi yangu ni kutembeza wageni Lamu mjini, na Kiingereza changu hakikunipa taabu ila kwenye "have". Shuleni tuliambiwa hiyo ni -me- yetu, basi. Ni kweli nusu. "The boat has arrived" ni mashua imefika, hakuna ubishi. Lakini punda akiwa kichochoroni kajinyosha usingizini, sisi twasema amelala, Mwingereza husema "is asleep". Kisha mimi naishi Langoni tangu utotoni, na hapo yeye ndipo anapotaka "I have lived".

Kwa hiyo -me- niliiweka kando, nikawa najiuliza: wakati unaotajwa umekwisha, au unafika hadi leo? Ngome yetu ilikamilika 1821. Mwaka ule ulishapita, basi ni "was completed", na "has" haiingii hata kwa nguvu. Mji wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, hapo pia "was listed". Ila kuwemo kwake tangu 2001 hadi sasa ni "has been". Maneno hayo nayasema Mkunguni mbele ya ngome karibu kila asubuhi, sasa yanatoka yenyewe.

Penye utamu ni "been" na "gone". Mgeni akimuulizia nahodha, nami nikajibu "He has gone to Manda", ataelewa kuwa nahodha yuko ng'ambo, atavuta kiti asubiri. Nikisema "He has been to Manda", ataanza kumtafuta kwa macho pale gatini, kwa sababu nimemwambia tu kwamba nahodha amewahi kufika Manda. Sisi kitenzi chetu ni kwenda kotekote, tunaongeza "wahi" mambo yakaisha. Mwingereza anaiacha "go" na kuchukua "be", jambo ambalo hadi leo naliona la ajabu kidogo.

Wamarekani nao wana yao. Utawasikia wakiuliza "Did you eat yet?" pale Mwingereza angesema "Have you eaten yet?" Usibishane nao, wanasema Kiingereza cha kwao.

Vijana wanaoanza kazi hii nawaambia wamuulize mgeni, "Have you been to Lamu before?" Akijibu, "Yes, I came in 2015," wamsikilize vizuri: alipotaka tu kutaja mwaka, "have" ameiacha mwenyewe.