Manowari za Ulaya na Mahakama ya Shanzu

Anayetaka kuelewa sera ya Umoja wa Ulaya kuhusu mambo ya nje na ulinzi kwa kawaida huanzia Brussels. Mimi, kwa kuwa ni mkazi wa Mombasa, huanzia Shanzu, mtaa wa kaskazini mwa jiji letu. Mwezi Machi 2009 Kenya na Umoja huo zilibadilishana barua za makubaliano kwamba washukiwa wa uharamia watakaokamatwa na manowari za Ulaya katika bahari kuu waletwe hapa washtakiwe, na mwaka uliofuata mahakama yenye ulinzi mkali ikafunguliwa Shanzu, si mbali na gereza la Shimo la Tewa, kwa msaada wa wafadhili, Ulaya ikiwa miongoni mwao. Operesheni Atalanta, iliyoanza Desemba 2008 kupambana na maharamia wa pwani ya Somalia, ilikuwa operesheni ya kwanza ya kijeshi ya Umoja wa Ulaya baharini. Ilikuwa na meli, fedha na idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ilichopungukiwa ni mahali pa kuwapeleka wale iliowatia mbaroni, kwa sababu serikali nyingi za Ulaya hazikupenda kuwahukumu nyumbani watu ambao huenda wangemaliza kifungo kisha wakaomba hifadhi. Kazi hiyo ikaangukia mahakimu wetu.

Haikuwa kazi nyepesi. Mwaka 2010 Serikali ya Kenya, ikilalamika kwamba mzigo umekuwa mkubwa, ilitoa notisi ya kujiondoa katika mapatano hayo, na Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya hapa Mombasa ikaamua kwamba Kenya haina mamlaka juu ya makosa yaliyotendeka nje ya maji yake, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliubatilisha Oktoba 2012. Hata hivyo siwezi kuubeza mpango ule, kwa kuwa uharamia ulipungua kweli na mabaharia wetu walipumua. Ninachosema ni kwamba mafanikio yale yalitegemea mambo matatu: adui dhaifu mwenye mashua ndogo na bunduki, serikali zote za Ulaya kuwa na nia moja, na mtu mwingine wa kubeba sehemu ya mzigo. Katika dunia ya leo yote matatu yanaponyoka.

Tazama Bahari ya Shamu. Wahouthi, waasi wa Yemeni, walipoanza kuzishambulia meli za biashara mwishoni mwa 2023, Marekani na Uingereza ziliamua Januari 2024 kupiga ngome zao nchi kavu, ilhali Umoja wa Ulaya ulianzisha Februari operesheni yake, Aspides, yenye makao makuu Larissa nchini Ugiriki na ruhusa ya kujihami tu. Kazi iliyofanya si ndogo: mwezi Agosti 2024 meli ya mafuta ya Kigiriki, Sounion, iliposhambuliwa ikiwa na tani zipatazo 150,000 za mafuta ghafi, ni ulinzi wa Aspides uliowezesha meli hiyo kuvutwa hadi mahali salama, na bahari ikanusurika na balaa. Lakini Novemba mwaka huo manowari ya Ujerumani, Baden-Württemberg, ikirejea kutoka Bahari ya Hindi na Pasifiki, iliamriwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, badala ya kupita Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, kwa kuwa silaha zake za kuzuia makombora hazikutosha kwa hatari iliyokuwepo. Meli ya vita ya taifa lenye uchumi mkubwa kuliko yote barani Ulaya ikashika njia ileile ndefu iliyoshikwa na meli za kontena.

Kisa cha Ruen kinanifikirisha zaidi. Meli hiyo ya kampuni ya Bulgaria, yenye bendera ya Malta, yaani mali ya Ulaya kwa kila hali, ilitekwa Desemba 2023, na Machi 2024 waliowaokoa mabaharia wake 17 walikuwa wanajeshi wa majini wa India, ambao waliwapeleka maharamia 35 Mumbai wakashtakiwe huko.

Udhaifu huu si wa fedha tu. Maamuzi ya Umoja huo kuhusu mambo ya nje huhitaji, kwa sehemu kubwa, ridhaa ya nchi zote 27, na Hungary imeonyesha mara kadhaa jinsi nchi moja inavyoweza kuchelewesha msaada kwa Ukraine. Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipolaani uvamizi wa Urusi, zote 27 ziliunga mkono azimio hilo, na Kenya pia, huku Tanzania na Uganda zikijizuia kupiga kura. Oktoba 2023, azimio la Baraza hilohilo lilipotaka mapigano ya Gaza yasitishwe kwa sababu za kibinadamu, nchi nane za Umoja huo ziliunga mkono, nne zikapinga, na kumi na tano zikajizuia. Asiyeelewa kwa nini barazani Mji wa Kale hotuba za Ulaya kuhusu sheria ya kimataifa husikilizwa kwa nusu sikio, hesabu hiyo inamtosha.

Kisha kuna Marekani. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako, na Ulaya imeazima ulinzi wake kwa Marekani tangu NATO, muungano wao wa kijeshi, ilipoundwa 1949. Sasa mwenye nguo anaidai: katika mkutano wa NATO mjini The Hague, Juni 2025, wanachama walikubali kufikisha matumizi ya ulinzi na usalama asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035, na Ujerumani ilikuwa tayari imebadilisha katiba yake Machi mwaka huo ili iweze kukopa zaidi kwa ajili ya jeshi. Silaha zitanunuliwa. Satelaiti za kijasusi, ndege za kujazia mafuta angani na mazoea ya kuamua kwa pamoja havipatikani kwa mkopo wa mwaka mmoja.

Sisi hapa hatuna anasa ya kutazama tu. Mkataba wa kibiashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 2024, na parachichi letu linalosafirishwa kutoka bandari ya Kilindini linapolazimika kuzunguka Afrika nzima, msamaha wa ushuru haulizuii kuiva njiani. Muda wa Atalanta umeongezwa hadi Februari 2027. Utakapojadiliwa tena, ningependa Nairobi iulize mapema, na kwa maandishi, nani atalipia wafungwa, nani atawarudisha kwao watakaoachiliwa huru, na kwa nini mahakama za Hamburg au Rotterdam zisichukue zamu yao.