Siku moja na Susu wa Kibwezi

Saa kumi na nusu alfajiri

Nazima kengele ya simu kabla haijaamsha nyumba nzima. Mama watoto amenifungia viazi vitamu na themosi ya chai, kwa sababu dereva wa watalii anayengoja chakula cha mgeni atashinda njaa. Nakagua oili, maji na gurudumu la akiba. Cha mwisho ni mfuko wa mlango wa dereva: daftari langu la jalada gumu limo, na kalamu yake nimeifunga uzi isichukuliwe na watoto wa watu.

Kazi hii nina miaka 14 nayo, na hilo ni daftari la tatu. Picha kila mgeni anapiga, tena mia mbili kwa simba mmoja aliyelala. Mimi naandika walichosema.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini

Lango kuu la Mbuga ya Nairobi, Barabara ya Lang'ata. Leo nimebeba wenyeji, na mimi hupenda sana wenyeji. Baba, mama, watoto watatu wa likizo ya Agosti, na nyanya yao aliyeshuka jana kutoka Kibwezi. Wanamwita Susu, na kufika saa moja hata mimi namwita Susu. Langoni hawapokei pesa taslimu, malipo ni ya simu, na simu ya baba imeamua kugoma asubuhi hii hii. Tunakaa foleni. Susu ananiuliza kama kweli watu wanalipa kuona wanyama.

"Wanalipa, Susu."

"Mimi ningelipwa."

Nimeandika hilo kabla hata hatujaingia.

Saa moja hadi saa tatu

Mbuga hii ni ndogo, kilomita za mraba 117 hivi, na ndiyo ya kwanza kutengwa Kenya, mwaka 1946. Pande tatu zina ua. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uko wazi kuelekea Kitengela, ingawa kila mwaka naona mabati mapya yakisogea huko. Tumeona nyati, kongoni, mbuni, na kifaru mmoja aliyetupa mgongo mpaka tukachoka. Mtoto wa mwisho alipenda daraja la reli kuliko vyote. Aliuliza kama hiyo ndiyo reli ya Mombasa. Nikamwambia hapana, hiyo inaelekea Naivasha. Ya Mombasa inaanzia Syokimau na kushika upande wa pili.

Mkubwa naye hakuacha: "Ndovu wako wapi?" Kila familia huuliza. Mbuga ya Nairobi haina ndovu wa porini. Hapo huwa nachelewa kidogo kujibu, niwaache watazame vichakani dakika tano zaidi.

Tulikunywa chai pale zilipochomwa pembe za ndovu. Rais Moi alichoma tani 12 mwaka 1989, na 2016 zikachomwa tani 105. Mama wa watoto alishangaa kwa nini hazikuuzwa. Nilianza kueleza kwamba ukiuza za zamani, wawindaji haramu wanakuletea mpya. Sikumaliza, tumbili alikuwa ameshapita na kiazi changu.

Saa tano

Kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick hupokea wageni saa moja tu, tano hadi sita, na ni lazima uwe umeweka nafasi mapema. Watoto wa ndovu wanakuja mbio kwa mstari, masikio yakipepea, kila mmoja anajua mlezi wake na chupa yake. Wadogo wamefungwa blanketi mgongoni. Mmoja alimaliza chupa, akajaribu kuiba ya mwenzake, akasukumwa akakaa kitako kwenye matope.

Watoto wakacheka. Susu hakucheka. Alikuwa ameshika kamba ya uzio kwa mikono miwili, anahesabu chupa.

"Hayo ni maziwa ya ng'ombe?"

Mlezi akamwelezea kwa adabu kwamba ndovu mchanga hawezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe, yanamwua, na kwamba Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa kituo, alihangaika miaka mingi kabla ya kupata mchanganyiko unaowafaa. Susu akaitikia kwa kichwa. Kisha: "Na wakikua?"

"Wanapelekwa Tsavo, mama. Voi, Ithumba. Wengine tunawapeleka msitu wa Kibwezi."

Niliona uso wake ukibadilika. Huyu ni mama aliyekesha shambani akifukuza ndovu kwa kupiga debe mpaka mikono ikafa ganzi, asubuhi akakuta mahindi yamelala chini.

"Kumbe mnawanenepesha hapa, halafu mnaniletea mimi!"

Mlezi alicheka mpaka akashika kofia yake. Hata wageni ambao hawakuelewa neno walicheka. Lakini nilipogeuka kuwaita twende, Susu alikuwa ameinama, mkono umenyooshwa juu ya kamba, na yule wa matope anaunusa kwa ncha ya mkonga, kidole baada ya kidole. Ndovu huyo alimpaka matope kwenye leso yake mpya. Susu hakuifuta.

Mchana

Nimewashusha, nimeoga foleni ya Barabara ya Mombasa, nimerudisha gari, nimebishana na ofisi kuhusu risiti ya mafuta. Hayo hayastahili wino.

Saa mbili usiku

Nyumbani nasoma ukurasa wa leo kwa sauti. Binti yangu wa miaka tisa anadai rudia ya kunenepesha. Kisha analeta daftari la nyumbani, lile la Desemba, tulipokwenda Mombasa kwa treni ya SGR. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri na familia bila kushika usukani, na mwili ulinisaliti. Kurasa za Tsavo zina mwandiko wake, si wangu:

"Emali. Baba amelala. Kibwezi. Baba amelala. Tumeona ndovu wanane, ni wekundu kwa sababu ya udongo. Mama amesema tusimwamshe. Voi. Baba ameamka, anauliza kama kuna wanyama."

Desemba hii tunarudi. Ameshaandika juu ya ukurasa mpya: "Baba ataamshwa Kibwezi, atafute ndovu wa Susu." Chini amepiga mstari, akanisukumia kalamu niweke sahihi.

Nimeweka. Ameomba na nambari ya kitambulisho.