Kisu cha kukunja katika shamba la zabibu: nilivyokiona kikiwa kipya na ninavyokitumia sasa

Kisu changu cha kukunja kina mpini wa mti, ubapa wa chuma cha kaboni na pete ya chuma inayozungushwa ili ubapa usijifunge ukiwa kazini. Mtindo huu ni wa Wafaransa. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vya namna hii kule Savoie mwaka 1890, na pete ya kufungia ikaongezwa mwaka 1955. Changu hakina jina, lakini kimeundwa kwa mtindo huohuo.

Kikiwa kipya kilinivutia kwa wepesi wake mfukoni na kwa ubapa uliong'aa kama kioo. Makali yalinyoa vinyweleo vya mkono. Mzee jirani yangu hapa Mpunguzi, Dodoma, alikigeuzageuza, akasema, "Mwanangu, hiki ni cha kumenyea machungwa."

Mng'ao ndio uliotangulia kuondoka. Maji ya zabibu yana tindikali, na chuma cha kaboni, tofauti na chuma cha pua, hubadilika rangi kikiguswa nayo. Mavuno yalipokwisha ubapa ulikuwa wa kijivu, na madoa meusi mahali nilipokatia maembe na vitunguu. Kingekuwa hivyo dukani nisingekigusa. Lakini utando huo wa kijivu husaidia kuzuia kutu nyekundu, kwa hiyo siusugui hata kidogo. Nafuta tu kwa kitambaa kikavu kabla ya kukunja.

Jambo ambalo dukani huwezi kuliona kabisa ni mti na hali ya hewa yetu. Kiangazi cha Dodoma kikishika, mpini husinyaa na ubapa hufunguka kwa urahisi hata kupita kiasi. Hapo ile pete inanisaidia kuufunga usichomoze mfukoni. Mvua zikianza mwezi Desemba, mti unakunywa maji, unavimba na kuubana ubapa hadi ukucha unashindwa kuutoa. Wazoefu wa visu hivi hugonga kisigino cha mpini kwenye kitu kigumu, ncha ikajitokeza. Mimi nagonga kwenye nguzo ya mzabibu. Dawa ya kudumu zaidi niliipata kwa wauza asali: nta ya nyuki. Niliuanika mpini juani ukauke, nikaisugua nta iliyolainika ndani ya ule mfereji ambamo ubapa hulala, kwa kuwa huko mti uko wazi na ndiko maji yanakopenya. Sasa unabana kidogo tu.

Vumbi nalo lina adabu yake. Ukitia mafuta mengi kwenye kiungo, vumbi letu jekundu linanata na kuwa tope linalosaga. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, kisha napangusa yote yanayobaki nje. Mafuta ya alizeti, ambayo huku yako kila nyumba, siyatii hapo kwa sababu yakikaa yanaganda na kunata.

Kwa kunoa, ndipo nilipokipenda kisu hiki kwa dhati. Chuma cha kaboni kinakubali kinoo upesi. Nalaza ubapa uinuke kidogo tu, kama nyuzi 20, navuta kila upande kwa zamu, namalizia kwenye ngozi ya mkanda wa zamani, na makali yanarudi kabla chai haijapoa. Simpelekei fundi wa jiwe la umeme. Jiwe likizunguka kasi bila maji, makali membamba hupata moto. Ukiona rangi ya bluu imetokea, ujue ugumu wa chuma umeshapungua mahali hapo, na hakitakaa na makali tena mpaka sehemu hiyo isagwe yote iishe.

Siku za kawaida kinakata kamba za katani za kufungia matawi, kinafungua mifuko ya mbolea, kinatenganisha vikonyo vya vichala vilivyosongamana bila kupasua punje. Kazi hii ya mwisho mkasi mkubwa hauiwezi, maana hauingii katikati. Matawi yaliyokomaa nayaachia mkasi wa kupogolea. Ubapa mwembamba ukikandamizwa upandeupande unapinda au kulegeza msumari wa kiungo, na kiungo kilicholegea ni hatari kwa vidole hata pete ikiwa imefungwa.

Na machungwa ya yule mzee, ndiyo, kinayamenya vizuri sana.