Kichuguu cha nyuma ya banda

Juzi usiku mwanangu alikuwa anatazama kipindi cha komodo, yule mjusi wa Indonesia anayefika mita 3. Walipoonyesha vitoto vyake vikikimbilia mitini ili wakubwa wasivile, akanigeukia: "Mama, na kwetu wapo?" Nikamwambia komodo hatuna, ila tuna ndugu yake, kenge. Akacheka sana, maana kwake kenge ni tusi la shuleni. Mimi nilishamkumbuka yule wa Utete, kando ya mto Rufiji, nilipokuwa mtoto.

Masika yalikuwa yanaishia. Bibi alikuwa na mtetea anaatamia mayai 11, na vifaranga vile ndivyo vingenishonea sare ya shule. Asubuhi moja tukamkuta mtetea juu ya paa la banda, chini kiota kitupu, hata kipande cha ganda hakuna. Kenge humeza yai zima. Kuanzia siku ile mjomba akawa anashinda na panga karibu, nami nikaambiwa nikimwona tu nipige kelele.

Nilimwona siku ya tatu, nimetumwa kuni. Alikuwa kwenye kichuguu cha nyuma ya banda, kichwa na mabega vimezama ndani, udongo uliolowa mvua unaruka nyuma yake. Mkia umebapa ubavuni kama kasia, mrefu karibu sawa na mimi. Akachimba, akapumzika, akachimba tena. Kisha akageuka, akarudi kinyumenyume shimoni, akatulia, ananitazama. Ulimi wa panda mbili ukatoka, ukapapasa hewa, ukarudi. Hunusia ulimi, kwa hiyo alijua nipo. Nzi akatua kwenye pembe ya jicho lake, hakumfukuza. Ngozi ya shingo ilipanda na kushuka, na kila tumbo lilipojikaza, macho yalifumba nusu. Hapo ndipo nikaelewa: anataga. Watu husema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Mimi niliona tundu la sikio lake, wazi kabisa, nyuma ya jicho, na nilipokanyaga kijiti kikavunjika, mwili wote ulishtuka. Lakini hakuondoka.

Nami sikupiga kelele. Niliokota kuni zangu nikarudi nyumbani.

Baada ya siku chache mchwa walikuwa wameshaziba lile shimo, mayai yamebaki ndani kwenye joto lao na unyevu wao. Wiki iliyofuata mjomba alimkuta bandani. Sikwenda kuangalia, nilisikia tu mkia ukichapa mabati, halafu kimya. Jirani yetu mmoja, mzee mvuvi, alikuja akasikitika: "Mnamuua huyu, mayai ya mamba kule mchangani nani atayafukua?" Bibi akamjibu, "Na sare ya mjukuu wangu nani ataishona?" Wote wawili walisema kweli. Mtoni tulikuwa tunateka maji kwa hofu ya mamba kila siku, na shuleni nilikuwa nakwenda na sketi yenye viraka.

Vuli ilipoanza, mwezi wa 11, kichuguu kililainika. Nilikuwa nimechuchumaa pale, nilikuwa naenda kila mvua ikikatika, nikaona tope linatikisika. Kikachomoza kichwa kidogo kama kidole gumba, kikatoa ulimi. Halafu mwili: mweusi, una madoa na mistari ya manjano inayong'aa, urefu wa rula ya shule. Kikafuata kingine. Nilihesabu 9, nikaacha kuhesabu kwa sababu nilikuwa nalia. Vyote vilielekea upande wa mto, bila kuonyeshwa njia.

Nilimsimulia mwanangu mpaka hapo, ila nilianzia kwenye kichuguu, ya bandani nikayaruka. Akauliza, "Na mama yao alikuwa wapi?"

Nikamwambia kenge hawalei watoto wao, wakishataga wanaondoka. Akaridhika, akalala. Na ni kweli, hawalei.