Mtambo wa upepo uliosimama kama mwiko, tena juu ya maji

Jamani hii mitambo ya upepo yenye mhimili wima, yaani mapanga yanazunguka nguzo iliyosimama, nimeipenda kweli, na nataka niwaeleze kwa nini. Ile tuliyoizoea ina mapanga kama feni na jenereta iko kule juu kabisa, sasa ukiiweka juu ya boya baharini uzito wote uko kichwani, inabidi boya liwe kubwa sana ili isipinduke. Ya wima jenereta inakaa chini karibu na maji, na upepo utoke kaskazini utoke kusini haina haja ya kugeuka.

Wasweden waliweka mmoja karibu na mji wa Lysekil kwao mwaka 2015, unaitwa SeaTwirl S1, kilowati 30 tu, mita 13 juu ya maji na 18 chini, yaani sehemu kubwa ilikuwa ndani ya maji, na mnara wenyewe ulizunguka pamoja na mapanga.

Lakini utamu wa hesabu uko hapa: kila panga likizunguka linaukuta upepo kwa pembe tofauti, nguvu inapanda inashuka, kwa hiyo mtambo wa mapanga mawili unapigwa na mtikisiko mara mbili kila mzunguko. Nchi kavu mtikisiko huo unaishia kwenye msingi, baharini boya linajizungusha kidogo na kuupunguza, kwangu hapo ndo pazuri kuliko pote. Ila jenereta nayo inataka kitu cha kuishikilia isizungushwe na mapanga, na kinachoishikilia ni minyororo ya nanga, kwa hiyo minyororo inasokotwa muda wote mtambo ukifanya kazi.